Gadi Zilizong'aa za Kijiwe cha Lukovelo

"Gadi haiulizwi rangi, huulizwa imeanguka wapi."

Ndivyo shangazi yenu alivyomjibu mshenga leo asubuhi, aliposifia kwamba kijana wake hana doa hata moja tangu azaliwe. Nyinyi wajukuu zangu mkacheka, mkadhani ni maneno ya madereva wa bodaboda aliyoyaokota stendi. Sasa mmenifuata hadi huku karakana kuuliza yametoka wapi. Mmefika kwa mwenyewe. Kaeni kwenye hilo benchi, lakini msiguse hilo bomba, nimelichomelea sasa hivi na bado lina moto.

Methali hii ilianza hivi.

Miaka hiyo kijiwe chetu cha Lukovelo kilikuwa na pikipiki kumi na tatu, na mimi nilikuwa fundi wa kuchomelea pekee, kuanzia hapa hadi makao ya tarafa. Milima yetu mnaijua. Barabara ya kwenda bonde la Mbela inashuka kwa mteremko wa Kihanga, na mvua ikinyesha udongo ule mwekundu unateleza kama sabuni. Hakuna dereva aliyewahi kupita pale masika yote asilale chini. Ndiyo maana kila pikipiki ilifungwa gadi, yale mabomba yanayozunguka injini mbele na mengine yanayokaa pembeni kwa abiria. Pikipiki ikianguka ubavu, gadi inatangulia kugusa ardhi na mguu wa mtu unabaki na nafasi. Gadi ikikunjika au kukatika, chuma chote kinakaa juu ya mguu.

Sasa, palikuwa na desturi moja pale kijiweni, na sifichi kwamba niliipenda. Siku moja kabla ya gulio, madereva walileta pikipiki kwangu "kuosha gadi". Hatukuosha kitu. Palipokwaruzika nilipiga msasa, palipobonyea nilijaza pati, ule uji mzito wa kuzibia mashimo, kisha nikapaka rangi ya kung'aa juu yake. Dereva aliona haya kufika gulioni na mkwaruzo, maana mkwaruzo ni ushahidi kwamba ulianguka, na abiria akiuona anapanda pikipiki ya jirani. Lutengano, mwenyekiti wa kijiwe, alikuwa akisema abiria hupanda kwa macho kabla hajapanda kwa makalio. Tulimcheka, lakini tulimfuata.

Na mimi kwa rangi nilikuwa hodari. Ungeweza kutazama meno yako kwenye gadi niliyoipaka. Watu walisema fundi Enoki hafanyi matengenezo, anafufua. Kichwa kilinivimba, siwezi kukataa.

Dereva mmoja tu hakuleta gadi yake ioshwe, Ayubu Msigwa, mtu mpole mwenye maneno machache. Aliniletea bomba nene lililotolewa kwenye pampu ya zamani ya maji, akasimama juu ya kichwa changu nikilichomelea, akanirudisha mara mbili kwenye kila kiungo mpaka nikamchukia. Tangu siku hiyo gadi ile haikuonja brashi ya rangi. Ilikuwa na kutu, imekwaruzika kila upande, na wenzake walimwambia aegeshe nyuma ya mashine ya kusaga asiwaharibie sura ya kijiwe. Ayubu akawa anaegesha huko bila ugomvi.

Nesi wa zahanati alikuwa Yusta Tweve. Kila Jumatano alishuka Mbela kwa bodaboda, akiwa na mizani na kiboksi cha chanjo, kuwaona watoto na wajawazito wa vijiji vinne. Jumatano moja ya mwezi wa pili alipanda pikipiki ya Lutengano. Pale Kihanga tairi la nyuma likateleza. Walikuwa wakienda mwendo wa mtu anayetembea, na pikipiki ililala taratibu kabisa upande wa kushoto. Ni anguko ambalo mtu huinuka, akapangusa sketi na kuendelea na safari. Lakini gadi ya nyuma ilikatika kwenye kiungo, chuma kikamkalia muundi, na mguu ukavunjika mahali pawili.

Jioni ile Lutengano aliniletea kile kipande. Aliniambia niunge, nipake rangi, kwa sababu keshokutwa ni gulio. Nilipokigeuza nikaona mpasuko umeanzia kwenye ufa wa zamani, na ndani ya ufa mlikuwa na pati yangu mwenyewe, imenasa kama chakula kwenye meno. Ufa ule niliuona mwezi mmoja nyuma. Nilijiambia pati itashika. Basi nikaunga, nikapaka, na sikumwambia mtu neno. Nilijiona mdogo sana siku ile, lakini hata hivyo nilinyamaza.

Yusta alifungwa hogo la plasta mguuni, akakaa miezi mitatu bila kukanyaga. Kliniki ya Mbela ikafungwa. Akina mama wakawa wanapanda mlima na watoto mgongoni, nusu siku kufika na nusu siku kurudi, na wengine wakachoka wakaacha kuja. Hogo lilipofunguliwa, mkubwa wake wa zahanati alimpa Jumatano moja aamue. Akiweza kushuka, kliniki inarudi. Asipoweza, Mbela inafutwa kwenye ratiba mpaka apatikane nesi mwingine, na nesi mwingine wa kuja kuishi na baridi yetu mnajua anavyopatikana.

Jumatano hiyo kijiwe kizima kilijipanga. Pikipiki kumi na mbili zilisimama mstari mmoja, zimeoshwa na mimi jana yake, zinawaka jua. Yusta alikuja anachechemea kwa fimbo, kiboksi begani. Akasimama mbele ya pikipiki ya kwanza.

"Karibu sista," Lutengano akasema. "Tazama gadi hiyo. Kama imetoka dukani."

"Naiona. Imeanguka wapi?"

Lutengano akacheka kidogo. "Hii haijaanguka, sista."

"Imeanguka na mimi juu yake. Nakuuliza tangu siku ile."

"Tangu siku ile haijaanguka hata mara moja."

Akaenda kwa wa pili, akauliza lile lile. Haijaanguka. Wa tatu, haijaanguka. Alipita mstari wote akiuliza kwa upole, na wote kumi na wawili waliapa kwamba gadi zao hazijui ardhi.

"Pikipiki kumi na mbili," akasema, "mvua zote hizi, Kihanga ile ile, na hakuna hata moja iliyoanguka. Basi malaika wamehamia Lukovelo. Mimi nitatembea."

Akaanza kwenda. Kutembea hadi Mbela ni saa nne kwa mtu mwenye miguu miwili mizima. Hapo Ayubu akatokea nyuma ya mashine, anasukuma pikipiki yake.

"Sista, samahani. Yangu imeanguka."

Yusta akageuka. "Wapi?"

"Kihanga mara tatu. Mara mbili kushoto, mara moja kulia. Kwenye kivuko cha Mbela mara moja, nimebeba gunia mbili za viazi. Na juzi hapa karibu na kwangu, mbuzi alinikatiza."

"Na miguu yako?"

Ayubu akapandisha suruali hadi magotini. Miguu myembamba, haina kovu.

"Ilaze," Yusta akasema.

Akailaza juu ya mawe, upande wa kushoto. Yusta akajishusha polepole kwa fimbo, akakaa chini, akaupeleka ule mguu wake uliovunjika kwenye nafasi iliyobaki kati ya pikipiki na ardhi. Alikuwa anaogopa, na sisi sote tuliona anaogopa, lakini aliuingiza mpaka gotini.

"Sasa panda juu."

"Sista?"

"Panda, Ayubu. Simama juu yake."

Ayubu akapanda juu ya pikipiki iliyolala kwa uzito wake wote. Gadi haikulia wala haikusogea. Yusta akahesabu kimya kimya, kisha akautoa mguu wake.

"Nani aliyeichomelea hii?"

"Fundi Enoki."

"Na ile iliyonivunja?"

Wote wakanitazama mimi. Ningeweza kusingizia utelezi, na wangekubali, maana utelezi hauna wakili. Lakini nilikuwa nimechoka kuubeba ule ufa miezi mitatu.

"Ni mimi pia, sista," nikasema. "Hii ya Ayubu nilichomelea bomba zima, tena kwa kusimamiwa. Ile ya Lutengano ilikuwa na ufa. Niliuona, nikaujaza pati, nikaupaka rangi. Nilijua. Na baada ya wewe kuvunjika nimeipaka tena."

Alinitazama mpaka nikatamani anitukane. Hakunitukana.

"Umechelewa miezi mitatu, fundi," akasema. "Nikirudi nikute umezikwangua zote."

Akapanda nyuma ya Ayubu, wakashuka.

Nilichukua tupa na brashi ya waya, na madereva wenyewe wakanisaidia kwa hasira. Chini ya ile rangi yangu nzuri, katika gadi kumi na mbili, tano zilikuwa na nyufa. Ile ya Lutengano niliyoiunga kwa haraka tupa iliingia kwenye kiungo bila kulazimishwa. Lutengano alikuwa amempakia mwanawe kwenda shule asubuhi ile ile. Alikaa chini, akashika kichwa.

Alasiri tukasikia pikipiki inapanda. Walipofika, Yusta na Ayubu walikuwa wamejaa tope upande wote wa kushoto, kuanzia viatu hadi bega. Tulisimama.

"Mmeanguka, sista?" mtu akauliza.

"Kihanga, kushoto," akajibu, kama mtu anayekuelekeza duka alikonunua sukari. Akashuka mwenyewe kwa miguu yake miwili. "Nimepima watoto arobaini na mmoja. Jumatano ijayo wamesema wataleta na wa ng'ambo ya mto."

Watu walifurahi, wengine wakampigia makofi Ayubu, naye hakujua pa kuweka mikono. Ndipo Lutengano akasimama. Aliongea kwa uchungu, na haki alikuwa nayo. Alisema Enoki asiguse tena chuma cha mtu Lukovelo. Alisema mjini yupo fundi mwenye duka la vioo, gadi zake zinang'aa kuliko zangu, na hakuna aliyewahi kusikia zikilalamikiwa. Wengi wakaitikia. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutia zana zangu kwenye gunia, kwa sababu sikuwa na la kujitetea. Nilimfikiria mke wangu na nitakavyomweleza.

Yusta akapiga fimbo yake chini mara moja.

"Mguu uliovunjika ni wangu," akasema, "kwa hiyo niachieni na mimi niseme. Huyo fundi wa mjini, kazi yake imeanguka wapi?"

"Hatujui, sista. Hatujasikia ikianguka."

"Na mimi ndicho ninachokiogopa. Huyu wa hapa namjua. Kazi yake imeanguka na mimi juu yake mara mbili. Mara moja ilinivunja, na leo imeniokoa, na tofauti yake ametueleza kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya watu, wakati angeweza kukaa kimya. Gadi haiulizwi rangi, huulizwa imeanguka wapi. Na fundi ni hivyo hivyo. Mnaweza kumfukuza huyu anayejulikana alipoanguka, mkamchukua anayejulikana kwa kung'aa. Lakini mimi Jumatano ijayo sitapanda kazi ya mtu nisiyemjua."

Lutengano akaichukua pikipiki yake, akaisukuma mpaka mbele yangu, akailaza kwenye mawe. Nililia, wajukuu zangu. Sikulia kwa kusamehewa, maana hakuna aliyesema amenisamehe. Nililia kwa sababu mtu niliyemvunja ndiye aliyenisimamia, na nilijua kwamba kuanzia saa ile sina ruhusa ya kuchomelea ovyo tena.

Nikatoa zana kwenye gunia, nikaanza na ile ya Lutengano. Nilikata viungo vyote, nikachomelea upya, nikavirudia mara mbili bila mtu kunisimamia. Yusta alishuka Mbela miaka tisa baada ya hapo. Alianguka mara nyingi, na mguu haukuvunjika tena.

Neno lake likatoka kijiweni likaenda mbali. Wazazi wanachagua mwalimu mkuu, wanalisema. Mtu anatafuta mtu wa kumwachia shamba, analisema. Halimaanishi tumpende anayeanguka ovyo, asije mmoja wenu akaenda kulifanya kisingizio. Linamaanisha mtu asiye na mkwaruzo ama hajajaribiwa, ama amepakwa rangi, na wewe hujui ni lipi kati ya hayo mawili mpaka uzito umkalie.

Na hadi leo, gadi yoyote inayotoka karakana hii hulazwa pale nje kwenye mawe, mwenye pikipiki akapanda juu yake, na mguu unaotangulia kuwekwa chini ni wangu mimi. Gadi haiulizwi rangi, huulizwa imeanguka wapi.