Kilichokula Utamu wa Bibi Nyamizi

Hapo zamani, na msiniulize mwaka kwa maana hata mimi sikuuandika, katika nchi ya warina asali huko Tabora, aliishi mjane mmoja jina lake Bibi Nyamizi. Mizinga alikuwa nayo mingi. Mdomo nao, loo! Aliyeupata mdomo huo barabara ni Kalunde, mke wa mwanawe Shija. "Uji huu umepikwa au umeoteshwa jua?" Kalunde anachochea moto. "Mwanamke gani wewe unaamshwa na kuku?" Kalunde anachukua ufagio. Lakini ni huyo huyo Kalunde aliyekuwa akimsugua mgongo, na ndiye wa kwanza kuona kwamba tumbo la mama mkwe linakua.

Ulikuwa uvimbe mgumu, upande mmoja, wala hauumi. Bibi akacheka. "Uzeeni huku, nani kanipa mimba?"

Kisha yakaja maajabu ya asubuhi. Jioni Bibi anakula ugali, anatukana watu, mzima kabisa. Asubuhi, kabla hajatia kitu mdomoni, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, hamjui Kalunde wala Shija, anaita watu waliokufa zamani. Akinyweshwa uji, anarudi. Kesho yake ni yale yale.

Shija akamwita mganga, mzee Mihayo. Mzee hakupiga ngoma wala ramli. Alikaa siku nzima akimtazama mgonjwa, mwishowe akaweka kiganja juu ya uvimbe. "Humu mna kitu kinakula utamu wa mama yenu," akasema. "Kinashiba chenyewe, yeye anakwisha."

Watu wakacheka chinichini. Mzee hakujali. "Dawa yake ni njaa. Asionje asali, wala ndizi mbivu, wala muwa. Asubuhi asile kitu mpaka jua lifike utosini. Mwizi akifungiwa ghala, hufa."

Miiko ni miiko. Kalunde akakipandisha kibuyu cha asali darini.

Haikupita hata wiki. Asubuhi moja Kalunde akamkuta Bibi amelala macho wazi, nayo hayaoni. Mwili baridi, umelowa jasho. "Mama!" Kimya. Akamtikisa. Kimya. Kalunde akainua macho akakitazama kibuyu, na Shija akamwona anavyokitazama.

"Kalunde! Mzee amekataza. Mama akifa na asali mdomoni, muuaji ni wewe, na nyumba hii utaihama."

Kalunde aliogopa, tusidanganyane. Mwanamke anayerudishwa kwao kwa kumuua mama mkwe hapokewi na mtu. Hata hivyo akakishusha kibuyu. Akachovya kidole, akapaka asali ndani ya shavu la Bibi. Akachovya tena, akapaka. Akachovya tena, akapaka, huku analia.

Jamani! Niseme nini mniamini? Kope zilicheza. Jasho likakauka. Macho yaliyokuwa yamekwenda mbali yakarudi, yakatua usoni pa Kalunde, na yule waliyekwisha kumhesabu maiti akafungua kinywa. "Umenawa mikono wewe?"

Shija akapiga magoti. Mtu amefika kule kusikorudi watu, amerudishwa kwa kidole! Kalunde mwenyewe alikitazama kidole chake kama si chake.

Siku ile ile wakampeleka hospitali, Kalunde akimpaka asali njia nzima. Huko alikuwako daktari mpasuaji, mwanamke, anaitwa Ndimbo. Akasikiliza habari za asubuhi. Akasikiliza habari za kidole. Akapima damu, kisha akarudia kupima.

"Sukari katika damu imebaki chembe tu," akasema. "Nimesoma kwamba kuna uvimbe wa namna hii, wa nadra mno, unaoimaliza sukari mpaka mtu anazimika. Kwa macho sijapata kuuona."

Wakampasua. Uvimbe ulikuwa umejishika kwenye mishipa mikubwa ya damu, kisu kikiteleza tu, amekufa. Daktari akautoa mzima, mzito kama mtoto wa kubebwa mgongoni, na waliokuwamo humo wakabaki wameduwaa. Asubuhi zilizofuata Bibi aliamka mwenyewe, hajapakwa kitu, akimtaja kila mtu kwa jina lake na kwa kosa lake.

Kidonda kilipopona, Bibi akawaita nyumbani mzee Mihayo, Kalunde na daktari. "Ninao mzinga wa babu yangu, juu ya mti wa mninga. Tangu nizaliwe haujakauka. Ni wa aliyeniokoa. Nao haugawanywi; ukipasuliwa, nyuki watahama."

Mzee Mihayo akasimama. "Nani alikijua kitu kile kabla ya vipimo? Mlinicheka, leo daktari kasema maneno yangu yale yale. Mzinga ni wangu."

"Ulikijua, mzee wangu," Kalunde akasema, "lakini ukamfungia mwizi ghala, na mwenye ghala alikuwa humo humo ndani. Angekufa. Mimi ndiye niliyemrudisha."

"Ulimrudisha," daktari akasema, "na kesho angekwenda tena. Asali ya Tabora yote isingetosha kukishibisha kile. Mimi ndiye niliyekitoa."

"Ungekitoa kwa nani?" akauliza Kalunde. "Si ungepasua maiti?"

Mzee Mihayo akamkazia macho. "Mwanangu, sema kweli. Ulipoivunja miiko yangu ukakishusha kibuyu, ulijua unaponya?"

Kalunde akainamisha kichwa. Angeweza kusema ndiyo, nani angembishia? "La, baba. Sikujua kitu. Nilidhani ndiyo anakata roho. Nilitaka tu asiondoke na njaa nyumbani mwangu."

Bibi Nyamizi, yule asiyekosa neno, alimtazama Kalunde, machozi yakamtoka mbele za watu, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona.

Haya basi, nyinyi mnaotikisa vichwa kana kwamba ni rahisi. Mmoja aliujua ugonjwa, nusura aue. Mmoja aling'oa mzizi wenyewe, lakini alimkuta mgonjwa yu hai kwa kazi ya mwingine. Na mmoja hakujua lolote, wala hakukusudia kuponya; aliona huruma tu, akaweka nyumba yake rehani kwa mama aliyemtukana kila siku. Msinijibu kwa machozi ya Bibi, nijibuni kwa haki. Je, mzinga ulimstahili nani?