Chungu cha Udongo Mkavu

Mpelekee mkasa huu yule ndugu yako anayejibu kabla swali halijaisha. Ila usome wewe kwanza.

Senzia alikuwa msemaji wa mfalme, na kwa maneno matamu angeweza kumtoa nyoka pangoni. Lakini vijiji viwili vilimshinda. Watu wa Mlimani walikuwa wameuziba mfereji wa maji, na migomba ya Bondeni ilikuwa inakauka. Mara mbili Senzia alitumwa kuwapatanisha, akahutubia mpaka jasho likamtoka. Mara zote mbili walimzomea.

Sasa wanaume wa Bondeni walikuwa wamenoa mapanga. Mmoja wao alikuwa mkwe wake, mume wa bintiye Namkunda. Senzia aliogopa, tena aliogopa kweli.

"Mfalme wangu, nitume tena," alisihi. "Safari hii nitasema nao mpaka waelewe."

Mfalme akaagiza chungu kilichojaa udongo mkavu, na kibuyu cha maji.

"Udongo huu una kiu," alisema. "Unyweshe mpaka chini, na tone lisimwagike. Ukiweza, nenda."

Senzia nusura acheke. Alikiinamisha kibuyu, maji yakaufunika udongo wote, yakatuama. Akaongeza. Yakafurika na kumlowesha miguu. Mfalme akakipasua chungu kwa fimbo. Chini ya tope jembamba, udongo ulikuwa mkavu vilevile, na vumbi likawaingia puani.

Kikaletwa chungu kingine. Kwa aibu, Senzia akamimina kidogo tu, pembeni. Maji yakazama. Pale yalipokutana na ukavu, mapovu yakaanza kutoka, chwi, chwi. Akangoja yatulie, kisha akaongeza kidogo tena upande uleule. Aliendelea hivyo, polepole, mpaka kibuyu kikaisha bila tone kumwagika.

"Chungu cha kwanza kilikuwa na nini?" mfalme aliuliza.

"Udongo, Mfalme wangu."

"Udongo tu?"

Senzia akayatazama mapovu ya mwisho. "Na hewa."

"Nayo ukaizibia mlango kwa maji yako. Isipotoka, maji yatakaa wapi? Haya, nenda."

Watu wa vijiji vyote viwili walikusanyika penye mfereji, wakijua watahutubiwa. Senzia akaketi chini.

"Leo sina hotuba," alisema. "Semeni ninyi."

Wakasema! Walitukanana, wakatajiana mbuzi waliopotea zamani za mababu. Ulimi wa Senzia ulimwasha kama aliyelamba pilipili, lakini aliuzuia. Jua likapinda. Matusi yakaanza kupungua, yakawaishia.

Ndipo mama mmoja wa Mlimani, mjane, akasimama.

"Ugomvi wetu si maji," alisema. "Mume wangu alikufa, na hakuna hata mmoja wa Bondeni aliyekuja kuzika."

Mkwe wake Senzia ndiye aliyeshtuka wa kwanza.

"Mama, alikufa lini? Sisi hatukuletewa habari!"

Watu wa Mlimani wakatazamana. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyepeleka habari za msiba.

Yule kijana akaweka panga lake chini, akamwendea mjane na kumshika mikono miwili. "Pole sana, mama yetu. Tusamehe." Wanaume wa Bondeni wakajipanga nyuma yake, mmoja mmoja, kutoa pole. Wengi walilia. Walipomaliza, watu wa Mlimani waliinuka bila kuambiwa na kuuzibua mfereji.

Namkunda alimletea baba yake maji ya kunywa. "Baba, leo umepatanisha watu bila hotuba! Kulikoni?"

"Mwanangu, mara zote mbili zile nilizokuja na hotuba," alisema Senzia, "yule mama alikuwepo, na mimi ndiye niliyemwambia akae chini."

Funzo: Mwenye kinyongo hakatai ushauri kwa ubishi, hana pa kuuweka. Mwache kwanza atoe yaliyomjaa, ndipo umimine yako.