Kwa Nini Mgonga Kengele wa Mbungoni Hapiki

Zamani, kabla stesheni ya Mbungoni haijaota magugu, treni ya jioni ilirudisha wafanyakazi kutoka mjini, na mtaa mzima ulikuwa na saa moja tu: kipande cha reli kilichotundikwa kwenye mlingoti. Mzee Lihumbo, mfanyakazi wa stesheni, alikigonga saa kumi na moja, treni ikiacha stesheni ya jirani. Wanawake wakisikia, walibandika maji ya ugali. Mume akishuka, akatembea polepole akisalimia kila baraza, alikuta chakula kinapakuliwa. Zilikuwa siku tamu zile, msiniulize mara mbili.

Kisha treni ikakatwa. Waliokuja kutangaza walisema abiria wamekuwa wachache, wakatia kufuli dirisha la tiketi, wakaondoka kwa gari. Mzee Lihumbo akabaki na sare asiyokuwa na pa kuivaa. Alishinda barazani akitazama reli, na sahani aliirudisha karibu kama ilivyokuja. Mkewe, Sikudhani, alimwona anakonda siku hadi siku, akaogopa kwamba atampoteza.

Sikudhani hakuwa mtu wa kubembeleza. Jioni moja alisimama mbele yake na sufuria tupu mkononi.

"Baba, tangu unioe sijawahi kupika bila kengele yako. Leo nibandike saa ngapi?"

Mzee alimtazama, akavaa kofia yake, akaenda kugonga. Majiko yakawashwa mtaa mzima kwa mazoea, na watu wakacheka sana walipokumbuka kwamba hakuna treni. Lakini kesho yake wakasubiri kengele tena. Lihumbo aligonga miaka kumi na minne zaidi, na kila jioni alirudi nyumbani akala akamaliza.

Alipofariki, kile chuma kilikaa kimya siku arobaini. Siku iliyofuata, waliokuja msibani wamekwisha kuondoka, Sikudhani alikuwa peke yake jikoni, hana hamu hata ya chai. Mara akasikia kengele. Mikono ikafanya ilichozoea: ikabandika maji, ikapima unga wa watu wawili. Ugali ulipoiva ndipo alipokumbuka. Akakaa chini akalia.

Hodi ikapigwa. Alikuwa Zamda, jirani yake muuza mkaa, amesimama mlangoni kama mtu aliyevunja chombo cha watu.

"Umegonga wewe?" Sikudhani akauliza.

"Nisamehe, mama. Siku arobaini nzima nimekuwa sijui niwashe jiko saa ngapi."

"Na kwako umeshapika?"

"Bado. Nimetoka kugonga, nikaja moja kwa moja kwako."

Sikudhani akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Basi nawa mikono. Chakula cha mgonga kengele kipo."

Na tangu siku hiyo, watu wa Mbungoni hugonga kwa zamu, na mwenye zamu hapiki. Sikudhani naye ametangulia, lakini mgonga kengele akipiga hodi mlango wowote, hukuta sahani yake imefunikwa. Mgeni akiuliza kengele ni ya nini na treni haipo, haelezwi kitu. Huambiwa anawe mikono.