Kwa Nini Mbwa Hutikisa Kichwa Anapoinuka

Mbwa akiinuka alipolala, kabla hajapiga hatua, hutikisa kichwa. Masikio yanampiga mashavuni, pa pa pa, mtikiso unamshuka shingoni mpaka mkiani. Mnadhani anakung'uta vumbi. Lakini hata akilala juu ya mwamba uliooshwa na mvua hufanya hivyo hivyo. Vumbi gani hilo? Kaeni, wajukuu zangu, niwape habari hii kama nilivyopewa na bibi yangu mzaa mama.

Zamani hizo mbwa hakuwa na sauti. Hakubweka wala hakulia. Ukimkanyaga mkia alifungua mdomo tu kama samaki. Kwa hiyo huku kwetu milimani Upare mwindaji alimfunga mbwa wake wa mbele kengele ya mti shingoni, na kengele ndiyo ikawa sauti ya mbwa. Ukungu ukishuka humwoni aliye hatua tano mbele yako. Unafuata ko, ko, ko, mpaka unafika.

Ila kengele ilikuwa na masharti yake. Ukipita msitu wa matambiko unaiziba kwa majani, maana waliolala pale hawaamshwi. Ukivuka kijito cha mwisho unaizibua. Na sharti jingine, mkono wa mwanamke hauingii ndani ya kengele ya mwindaji, eti mbwa atapoteza harufu. Nani alisema? Wanaume walisema.

Basi alikuwako Kajiru, mwindaji, na mkewe Namkunda, na binti yao mmoja tu, Nakijwa, aliyeolewa ng'ambo ya vilele vitatu. Mwaka huo Namkunda akaugua, akawa mtu wa kugeuzwa kitandani. Hakutaka dawa, hakutaka uji. Alisema, "Baba Nakijwa, niletee mwanangu nimwone. Nikishamwona, yatakayokuwa na yawe."

Njia ya kuzunguka chini ya milima ilikuwa ya siku mbili. Kajiru hakuwa na siku mbili. Akawaita mbwa wake wawili, Waache na Haidhuru, akakata kwa juu, mahali pasipo na njia. Alifika salama, akalala kwa wakwe, na asubuhi akaanza safari ya kurudi, Nakijwa nyuma yake.

Walipanda kilele cha kwanza wakishika mizizi. Walipanda cha pili, miti imevaa manyoya ya kijani, maji yanadondoka ingawa mvua hainyeshi. Nakijwa alikuwa mcheshi tangu utoto. Akamwambia baba yake, "Baba, njia yako hii hata mbega wanaiulizia." Kajiru akajibu, "Mbega hana mama anayemsubiri. Twende." Wakacheka kidogo, wakaenda.

Chini ya kilele cha tatu wakaingia msitu wa matambiko. Kajiru akachuma majani, akayasokota, akaiziba kengele ya Waache vizuri kabisa, na mikono yake ilikuwa ya mtu mwangalifu. Wakapita kimya. Walipokuwa wanavuka kile kijito cha mwisho, Nakijwa akateleza juu ya jiwe, na mguu ukavunjika. Hapo ndipo kengele ilipomtoka Kajiru akilini.

Alimbeba mpaka chini ya mwamba uliotokeza kama ukingo wa paa, akamfunika kaniki yake. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka. Akamshika Waache kichwa, akamwambia, "Kaa naye. Usibanduke." Kisha akamwambia binti yake, "Mama, nakwenda kuleta watu na machela. Usihangaike kuita. Nitafuata kengele."

Akateremka na Haidhuru. Jioni haijafika alikuwa amesharudi na wanaume wanne, lakini mlima wote ulikuwa mweupe kama maziwa, na mvua ya baridi inapiga. Wakasimama, wakasikiliza. Wakaenda hatua chache, wakasimama tena. Nakijwa aliita mpaka sauti ikakauka, na upepo ukaipeleka upande mwingine. Haidhuru aliingia vichakani mara mbili kuelekea ule mwamba. Mara zote mbili Kajiru alimwita arudi, maana hakusikia kengele. "Si huku," aliwaambia wenzake. "Ningemsikia Waache."

Na Waache alikuwa anatikisa kichwa. Alisikia miguu ya bwana wake, akatikisa. Alisikia jina lake, akatikisa mpaka akayumba. Majani hayakutoka.

Ukungu ulikaa siku mbili. Siku ya tatu jua likatoka, wakaona. Nakijwa alikuwa ameegemea mwamba, amekwisha kuwa baridi. Mkono wake ulikuwa shingoni mwa mbwa, vidole viko juu ya mdomo wa kengele. Juu yake tu. Havikuingia. Aliyajua majani yale, aliyaona yakisokotwa, lakini alikuwa amelelewa vizuri.

Kutoka pale hadi nyasi walizozikanyaga wale wanaume wakisikiliza palikuwa hatua kumi na mbili.

Kajiru akapiga magoti, akatia kidole, akayatoa majani yake mwenyewe, bado mabichi. Kengele ikalia. Mbwa alipoisikia akafungua mdomo kama siku zote, na safari hii kilio kikatoka, kirefu, vilele vyote vitatu vikakirudisha. Hiyo ndiyo sauti ya kwanza ya mbwa.

Namkunda, yule wa kugeuzwa kitandani, aliinuka siku walipomleta mwanawe. Hakumtukana mumewe. Aliivua ile kengele shingoni mwa Waache mbele ya wanaume wote, akaingiza mkono wake mpaka kifundo, akasema, "Harufu na ipotee. Mwanangu angekuwa hai."

Ndiyo sababu huku kwetu wawindaji wakitoka mwanamke ndiye anayefunga kengele, na kabla ya kuifunga hupitisha kidole ndani. Mama yangu alifanya hivyo, nami nimefanya asubuhi hii kwa mbwa wa baba zenu, mliponiona nimechuchumaa pale uani mkacheka.

Na tangu siku hiyo mbwa ana sauti yake mwenyewe, lakini hajaiamini mpaka leo. Kila anapoinuka, kabla ya jambo lolote, hutikisa kichwa kwanza, huenda majani yakatoka. Msimfukuze akifanya hivyo karibu na chakula chenu. Mwacheni amalize.