Geuza Jani, Papasa Jani

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa wapi?

Pakawa mlimani, kwenye baridi. Mwenye blanketi ajifunike, asiye nalo amsogelee mwenzake.

Basi hapo kale, juu mlimani, palikuwa na bonde la kunde mwitu. Kwenye majabali ya kando yake aliishi Pimbi, yule mnyama mdogo asiye na mkia. Mkia wake ulikwenda wapi, hiyo ni hadithi nyingine, msinipoteze njia. Pimbi alikuwa na mtoto mmoja, Kadogo, ambaye ndiyo kwanza ameacha ziwa, na baridi ilikuwa imemkondesha hadi mbavu zikaonekana. Chakula kilichomkaa tumboni kilikuwa kimoja tu, nacho ni kunde tamu za bonde lile.

Lakini kunde za bondeni zilikuwa za aina mbili, na ziliota zimechanganyika. Hizi na hizi, zote mbili, zilikuwa na majani yaliyochanuka kama vidole vya mkono. Hizi na hizi zilikuwa na maua ya buluu yaliyopangana juu ya kikonyo. Ila moja tamu, na nyingine chungu, inavuruga tumbo na kulegeza miguu. Mama yake Pimbi, Mungu amrehemu, alikuwa amemfundisha kuzitenganisha kwa wimbo:

*Geuza jani, papasa jani,*
*kisha ndipo utie kinywani.*

Kunde tamu ina malaika, yaani vile vinywele laini vya mtoto mchanga, chini ya jani tu. Juu jani linateleza. Kunde chungu ina malaika chini na juu. Hapo ndipo wengi walipokosea, maana nani angedhani kwamba lililo laini kote ndilo chungu?

Siku moja, gwu, gwu, gwu, akapanda Nguruwe kutoka msituni. Akasimama katikati ya bonde na kutangaza kuwa tangu leo bonde ni lake. Alikuwa amesikia kwamba kunde mojawapo inadhuru, ila hakujua ni ipi, na kujifunza majani aliona ni kazi ya wadogo. Akamwita Pimbi amwonyeshe iliyo tamu. Yeye akishazimaliza hizo, alisema, Pimbi na mwanawe watachukua hizo nyingine.

Pimbi akatazama mwambani. Kadogo alikuwa amejikunyata juani, anamwangalia mama yake. Akisema kweli, tamu zitaisha leo leo, na mtoto hatayaona masika. Moyo ulimuuma sana, lakini uso akaukunjua.

"Papasa hili, Mzee wangu," akasema, akimsogezea jani lenye malaika pande zote mbili. "Kitu laini hivi kitakuwaje kichungu?"

Nguruwe akapitisha pua juu. Laini. Akapitisha pua chini. Laini. Lakini hakuwa mjinga wa kutupwa. Akakumbuka desturi, kwamba mwenyeji huonja chakula kwanza mbele ya mgeni. Bonde alilinyang'anya asubuhi hiyo hiyo, lakini kwenye kuonja, loo, akawa mgeni.

"Onja wewe kwanza, Mama Kadogo."

Pimbi akapasua ganda, akatoa punje moja. Punje moja haiui, ila uchungu wake unafika kisogoni. Akaitafuna taratibu. Machozi yakamlengalenga, naye akatabasamu.

"Mbona unalia?" Nguruwe akauliza.

"Nimemkumbuka marehemu mama. Bonde hili ndilo alilonilelea."

Nguruwe akaridhika, akaanza. Akapitisha pua. Laini? Akala. Inateleza? Akaacha. Laini? Akala. Inateleza? Akaacha. Karu, karu, karu! Uchungu hakuusikia, kwa sababu mlafi hana ulimi, ana koo tu. Akameza majani, akameza maganda, akameza na mizizi yake, mpaka bonde zima hapakubaki jani laini kote.

Ndipo tumbo likasema: guru, guru, guru. Miguu ikalegea. Nguruwe akaanguka, puu.

Pimbi angeweza kukimbilia mwambani. Hakukimbia, alimwonea huruma. Akamchotea maji, akamnywesha kidogo kidogo, akakaa naye.

"Mama Kadogo," Nguruwe akanong'ona, "ikiwa hii ndiyo tamu, hiyo chungu ikoje?"

Pimbi akamfuta pua. "Sijui, Mzee wangu. Walioila hawakurudi kutuambia."

Nguruwe alipopata nguvu alishuka msituni bila kuaga, na hakupanda tena. Bondeni zikabaki kunde tamu tupu, zimepaliliwa vizuri na mgeni.

Jioni ile Kadogo alikula mpaka tumbo likawa ngoma. Akajilaza kifuani pa mama yake, akamuuliza aliwezaje kutabasamu na uchungu ule mdomoni.

"Nilikuwa nakutazama wewe," akasema mama yake. Kisha akakishika kimkono cha Kadogo, akakipitisha juu ya jani, akakipitisha chini ya jani, na wakaimba wote wawili.

Hadithi yangu naitua hapo. Tamu chukueni ninyi, chungu niachieni mimi.

Na funzo lake, wanangu? Msiseme uongo kamwe. Uongo haumfikishi mtu popote, isipokuwa Pimbi, ambaye alifika nyumbani na chakula cha mtoto.