Pimbi na Matairi ya Bwana Kiboko

Ngano iko njiani.

*Isimamisheni.*

Imebeba mzigo.

*Ishushe hapa hapa.*

Haya, naishusha, lakini mniwie radhi mapema. Ngano hii nitaisimulia vibaya. Marehemu shangazi yangu akiisimulia, watu walisahau chungu jikoni. Mimi nikiisimulia, watu hukumbuka kuwa wana chungu jikoni. Kwa hiyo mwenye chakula motoni asiwe na wasiwasi, hakitaungua.

Palikuwa na ukame. Si ukame wa kusema wiki hii hatukuoga. Ulikuwa ukame wa kuamka alfajiri ukalambe umande juu ya jiwe, ukakuta jirani amekwisha kulilamba. Katika majabali hayo aliishi Pimbi, mnyama mdogo kuliko kuku aliyeshiba. Mkia hana, shingo hana, watoto anao. Yule wa mwisho alikuwa ameacha kulia kwa kiu, na Pimbi alikuwa anatamani alie.

Maji yalikuwapo, ila mbali: ziwa, ng'ambo ya mchanga na ng'ambo ya vilima. Na gari la kufika huko lilikuwapo pia. Ni gari la safari, lililoachwa bondeni na watalii, lenye hema juu ya paa, jiko la gesi, vitanda vya kukunja na madumu ya dizeli. Wanyama wote walilisukuma pamoja kulitoa kwenye korongo. Lilipotoka tu, Kiboko akalikalia. Hiyo ndiyo iliyokuwa hati yake ya umiliki.

Pimbi akaenda kwake.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Sema."

"Tunaomba nafasi kwenye gari. Watoto wanaisha."

"Gari limejaa."

"Limejaa nini, mkubwa?"

"Mimi."

"Na kiti cha nyuma?"

"Mimi nikilala."

"Na juu ya paa?"

"Hema langu. Unataka hema langu lilale wapi, chini kama mnyama?"

Pimbi aliketi vumbini akamtazama Kiboko akipanda gari lake kwenda kwa fundi, maana matairi yalikuwa vipara vitupu. Kiboko akainua mguu, haukufika vizuri. Akauinua tena, tumbo likakwaruza mlango. Akajirusha, akaingia, akahema kama mvukuto. Kiboko, mnaomjua mnamjua: aliumbwa mwili kwanza, miguu ikatengenezwa kwa mabaki.

Pimbi akaitazama miguu ile. Akaitazama tena. Kisha akainuka, akalifuata gari.

Fundi wa matairi alikuwa Nungunungu. Fundi huyu hakukosa kazi hata siku moja. Gari likiingia kwake zima, akigeuka tu kuchukua spana, *psss*, pancha.

"Umefuata nini huku?" Kiboko akamuuliza Pimbi.

"Nimekuja kuona mkubwa akichagua. Sisi wadogo tujifunze."

Kiboko akapenda hilo. Nungunungu akabiringisha tairi la kwanza, *kugu-kugu-kugu*.

"Haya yana kipimo kilekile cha zamani. Gari litatembea vizuri na mafuta hayatapotea."

Kiboko akamgeukia Pimbi. "Unayaonaje?"

"Mazuri, mkubwa. Ya mtu anayetumwa chumvi."

"Lete mengine."

Nungunungu akabiringisha la pili, kubwa kidogo, *kugu-kugu-kugu*. "Haya ndiyo ya mchanga. Ukifika unapunguza upepo, yanatanuka, unapita huku unapiga mluzi."

"Unayaonaje?"

"Mazuri sana. Ya mtu anayepunguza."

"Lete mengine."

"Mengine sina. Yale pale mlangoni ni ya lori la magogo, nimeyapanga kama ukuta."

Pimbi akarudi nyuma hatua kadhaa, akafumba macho. "Hapana. Hayo usiyaguse, mkubwa. Hayo ni makubwa."

"Makubwa kwa nani?"

"Kwako."

"Fundi," akasema Kiboko, "funga."

"Bwana Kiboko, nisikilize. Ukikata kona yatakwaruza bodi. Injini itachoka. Dizeli itanywewa kama uji wa harusini."

"Nimesema funga."

"Nafunga. Mimi ni nani? Mimi ni miiba tu."

Akakata madigadi kwa msumeno, *kwere-kwere*, akapachika, akakaza nati. Alipotoa jeki, gari halikushuka. Lilibaki huko huko juu, linatazama wanyama kama jaji.

Kiboko akaweka mguu. Haukufika. Akaruka. *Pwata*, chini. Akarudi nyuma, akaja mbio, akaruka. *Pwaaata*, chini. Akaletewa ngazi. Ngazi ikasema *kacha*, na huo ukawa mwisho wa maisha yake ya ungazi.

"Mkubwa, umechoka," akasema Pimbi. "Pumzika kivulini. Sisi tupande tukufagilie ndani, ukute pasafi."

"Fanyeni haraka."

Pimbi akapiga mbinja. Ukoo mzima ukashuka majabalini, na nyayo za pimbi, kama mjuavyo, hunata hata ukutani. *Ti-ti-ti-ti*, wote ndani. Pimbi akashika usukani. Mkewe akasimama kwenye klachi. Shemeji akakalia mafuta. Mama mkwe akapewa breki, kwa kuwa kuzuia mambo ndiyo tabia yake.

*Ngru. Ngru. Ngruuuu.*

"Mnafanya nini huko juu?"

"Tunafagia."

"Mbona gari linakwenda?"

"Vumbi liko huku mbele, mkubwa."

Walicheka mpaka mchangani. Mchangani wakaacha kucheka. Gari lilikuwa zito kuligeuza kama ng'ombe mgonjwa. Kila usukani ulipokatwa, tairi lilisaga bodi, *kweeee*, na watoto wakaziba masikio. Kwenye kilima cha kwanza injini ililia. Kwenye cha pili iliomba. Dumu la dizeli likamiminwa, *glu-glu*, likaisha. La mwisho likamiminwa, likaisha. Juu kabisa ya kilima cha mwisho, ziwa likionekana kule chini, la buluu, gari likasema *ngru*. Likasema *ngr*. Halikusema kitu tena.

Pimbi akatazama mteremko. Uwanda mtupu, hakuna jiwe hata moja la kujificha, na juu tai wanazunguka taratibu kama watu wanaosubiri meza. Kwa miguu hafiki mtoto.

Akatazama tairi. Lilikuwa refu mara kadhaa kumzidi yeye. Na hapo ndipo moyo wake ulipovunjika, maana aliona kwamba aliyelichagua tairi lile si Kiboko. Ni yeye. Alimharibia adui gari kwa ustadi wote aliojaliwa, akasahau kwamba atakayelipanda ni mwanawe.

"Tusukume," mkewe akasema.

Mama mkwe akabaki kwenye breki, mmoja akawekwa mlinzi juu ya hema, wengine wakashuka wakasukuma. Gari halikujua kama linasukumwa. Wakasukuma tena. Mtoto wa mwisho alilala kivulini mwa gurudumu, macho wazi, hasemi.

"Baba yake," mkewe akamwambia, "buni kitu."

"Nimebuni. Ndicho hiki."

Ndipo mlinzi akapiga yowe kutoka juu ya hema. Na hii ndiyo desturi ya pimbi tangu wawe pimbi: mlinzi akilia, huulizi, unamnyakua mtoto unakimbilia juu. Wote wakakimbilia juu. Wa chini, wa ndani, wote wakajaa paani.

Kiboko alikuwa anakuja. Kwa miguu, ngozi imebabuka, vumbi mpaka kwenye kope.

"Shukeni," akasema.

"Panda," akasema Pimbi, lakini sauti haikuwa na ujanja ndani yake.

Kiboko akalizunguka gari. "Mbona mmesimama?"

Pimbi akatafuta uongo. Akautafuta kote, hakuupata. "Dizeli imeisha."

"Imeisha?"

"Matairi yameinywa."

Kiboko akatazama matairi. Mdomo ukaanza kumtetemeka. Akacheka. Akacheka mpaka akayumba, na kwa kuwa mchekaji mzito anahitaji pa kujiegemeza, akaegemeza mwili wake wote nyuma ya gari.

*Kru*, likasema gari. *Kru. Kru-kru-kru.*

"Mama, breki," Pimbi akaita.

"Niko hapa juu na wewe, baba. Mlinzi amelia."

Matairi ya lori la magogo, yakishapata mteremko, hayaombi dizeli. Gari likashuka moja kwa moja, likapita ufukwe, *chubwiiii*, likazama mpaka madirishani, likasimama. Paa likabaki kavu. Kwa matairi yale ya kwanza, hata ncha ya hema isingeonekana.

Wakainama, wakanywa. Mtoto wa mwisho akanywa, akapaliwa, akalia. Pimbi akamsikia akilia, naye akalia.

Kisha maji yakatikisika. Kiboko alikuwa ameingia ziwani, na majini miguu mifupi si tatizo la mtu yeyote. Yalitokeza macho mawili na masikio mawili, yakalizunguka paa polepole.

"Hamjambo huko juu?"

"Hatujambo. Shikamoo."

"Shukeni basi muoge."

"Bado tunatazama mandhari, mkubwa."

Mbele maji. Nyuma maji. Paani hema, na hema haliliwi, ingawa jioni ile walilijaribu.

Ngano yangu imekoma. Aliyeshiba ajifute mdomo, aliyebaki na njaa arambe kidole.

Na funzo lake, andikeni vizuri: ukichagua tairi, chagua kubwa kuliko yote. Litakufikisha unakotaka. Kurudi si kazi ya tairi.

Naona mama mmoja pale nyuma ameinua mkono, anataka kuuliza Pimbi alishukaje. Mama, usimlaumu Pimbi, alikuwa na mtoto. Usimlaumu Kiboko, alikuwa anacheka tu. Fundi alionya mapema. Nilaumu mimi: mimi ndiye niliyewapandisha paani, na sijui pa kuwashushia.