Mtandio wa Sulafa

Wametuhadithia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji wa Basra alikuwapo attari, yaani muuza manukato, aitwaye Mundhir, mtu wa mali na wa ibada. Mkewe, Bi Rayta, alipojifungua mtoto wa kiume, Hayyan, walifanya kama walivyofanya wakubwa wote wa mji ule: mtoto akapelekwa jangwani kwa mama wa kumnyonyesha, apate hewa safi. Mama huyo alikuwa Sulafa, mjane aliyetoka kumzika mwanawe wa pekee, maziwa bado yamemjaa kifuani.

Sulafa akamlea. Akichunga mbuzi, Hayyan yuko mgongoni, amefungwa kwa mtandio wake wa sufi. Akiota moto, mtoto kalala ndani ya mtandio huo huo. Mtoto akiogopa mbwa, huficha uso mle. Kila akimlaza, Sulafa hujiambia, "Ni amana huyu. Si wako." Na kila akimwamsha, moyo umekwisha sahau.

Muda wa kuachishwa ziwa ulipotimia, akamrudisha.

Sasa, nyumba ya attari ilikuwa na desturi yake: atokaye safarini hapiti ukumbini mpaka akogeshwe na kufukizwa udi. Subhanallah, watu na pua zao za kifalme! Wajakazi wakamvuta mtoto huku, Sulafa kule. Sulafa wakamsugua, wakammiminia marashi, wakamvika hariri na kumpaka wanja. Mtandio wakautupa zizini kwa punda. Hayyan naye akasuguliwa peke yake, mikononi mwa watu asiowajua, akilia mpaka sauti ikamkauka.

Walipokutanishwa ukumbini, Sulafa akanyoosha mikono. "Hayyan, roho yangu."

Mtoto akamtazama yule mwanamke wa hariri anukiaye kama duka zima, akakunja uso, akampiga kofi mkononi, akageukia ukuta na kupiga mayowe.

Bi Lubaba, dada yake Mundhir, akaguna. "Mnaona? Mtoto asimjue aliyemnyonyesha? Huyu si Hayyan! Wetu amefia huko mbuzini, naye kaokota mwingine njiani!"

Hukumu imetoka, fulstopu. Mtu kavuka jangwa na mtoto mgongoni, anafika anafanyiwa usaili na mtu aliyeegemea mto tangu asubuhi.

Mundhir rangi ikamtoka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa. Akasema kwa upole, "Mama, sisi tunamcha Mungu. Kama mwanetu alikufa, hiyo ni kadari. Hatukupeleki kwa kadhi. Sema tu kwamba huyu ni wako, umchukue uende naye kwa amani."

Sulafa akamtazama mtoto pale ukutani. Ya Rabbi, neno moja tu! Aseme "ndiyo", na Hayyan awe wake maisha, jua lisizame kabla hawajawa njiani. Nani angejua? Akainua macho, yakakutana na ya Bi Rayta. Alikaa na viganja wazi mapajani, kama mtu aliyejiandaa kupokea kisha akanyimwa.

"Wallahi, bwana wangu," Sulafa akasema, machozi yanavuruga wanja, "natamani angekuwa wangu. Sina ninachokitamani zaidi. Lakini wangu nilimzika kwa mikono yangu. Huyu ni wenu."

"Kulia anajua, huyo," Lubaba akadakia.

"Nyamaza, wifi," akasema Bi Rayta, naye akainuka. "Mwongo gani anapewa anachokililia, akikatae?" Akamgeukia Sulafa. "Mama, mwanangu ana nini?"

"Ananitafuta, bibi yangu, na mimi sipo. Mmenikosha mpaka nimekwisha. Nipeni mtandio wangu."

Ukaletwa, umegandwa na majani ya punda. Sulafa akafuta uso, akajitanda, akachuchumaa mbali kidogo. Hakumwita. Alianza tu kuimba chini chini wimbo aliozoea kumwimbia akikamua mbuzi. Mayowe yakapungua. Hayyan akageuka, pua ikamcheza. Akaja kwa hatua za kuyumba, akamchapa Sulafa begani kofi la kumgombeza, kisha akazama mtandioni na kushusha pumzi.

Ukumbi mzima ukashusha pumzi naye. "Alhamdulillah," akanena Mundhir, na yule attari aliyejua harufu za dunia akaketi sakafuni, akilia bila haya.

Sulafa akamvuta Bi Rayta karibu, akamtanda nusu ya mtandio juu ya hariri yake.

"Utanuka mbuzi, wifi!" akalalama Lubaba.

"Acha ninuke. Mwanangu anawapenda mbuzi."

Hayyan akasinzia hivyo, shavu kwa mlezi, mguu mmoja kwa mama, na Bi Rayta akaushika ule mguu asithubutu hata kukohoa. Mundhir akamwomba Sulafa radhi mbele ya watu wote, na akamwomba abaki. Akabaki. Hayyan akakua akiwaita wote wawili mama, wala hakuna aliyemsahihisha.

Basi ndugu zangu, tunaopima watu mlangoni kwa mavazi na marashi, tumwogope Mungu. Mtoto alililia pendo lake, sisi tukakifanya kilio chake ushahidi wa wizi. Na siku neno moja la uongo litakapotuwekea mikononi kile tukipendacho, Mola atupe ulimi wa Sulafa. Amin.